Ukungu, Maji ya Mvua na Bima ya Nyumba: Jinsi ya Kudai Fidia Kabla Kuta Hazijakauka

Nyumba yetu iko Goba, ni ya bati la kuficha, paa likiwa nyuma ya ukuta wa urembo, zile zinazopendeza ukizitazama kutoka barabarani. Masika ya 2024, mvua zile za El Niño, tulisogeza kabati la chumbani kutafuta hereni iliyodondoka, tukakuta ukuta wa nyuma yake mweusi tii. Ukungu ulikuwa umepanda mpaka usawa wa kifua, nguo za chini kabatini zilikuwa zinanuka uvundo, na ubao wa mgongo wa kabati ulikuwa umevimba kama mkate uliolowa. Bima tulikuwa nayo, ada tulikuwa tumelipa yote. Tukadai. Baada ya wiki tano ikaja barua ya kukataa, na kiini chake kilikuwa kifupi: uharibifu umetokea taratibu.

Nilikasirika kwa siku kadhaa. Kisha nikauchukua mkataba nikausoma ukurasa kwa ukurasa, nikaona kwamba kampuni ilifuata kilichoandikwa na mimi nikasaini. Bima ya nyumba hulipa tukio, hailipi hali. Upepo ukiezua bati usiku, hilo ni tukio. Bomba likipasuka, ni tukio. Ukuta unaonyonya maji kidogo kidogo tangu vuli hadi masika ni hali, na ukungu mbele ya kampuni ya bima ndiyo hali yenyewe. Tangu hapo nimekaa na majirani na ndugu wengi kuandaa madai yao, na karibu kila mara kilichoamua ni kama mtu anaweza kuonyesha siku na saa ambayo maji yaliingia.

Hatua ya 1: Tafuta maji yametoka wapi

Kabla ya kumpigia wakala, jua chanzo. Dar es Salaam maji huingia nyumbani kwa njia nne, na kila njia ina jibu lake kwenye bima.

Yanayotoka juu ndiyo mengi. Nyumba za bati la kuficha zina mfereji wa ndani, nyuma ya ule ukuta wa urembo, na majani ya mwembe yakiziba tundu la kutolea maji, maji hujaa mferejini yakarudi chini ya bati mpaka kwenye dari. Nyumba za mgongo wa kawaida huvuja kwenye misumari iliyolegea na kwenye kofia, lile bati la kufunika mgongo wa paa. Ikiwa dhoruba imeng'oa bati au tawi limeangukia paa, una madai. Ikiwa mfereji uliziba kwa sababu haujasafishwa miaka miwili, kampuni itasema ni uzembe wa matunzo, na mkataba mara nyingi utakuwa upande wake.

Yanayotoka ndani ni ya bomba kupasuka, tanki kufurika kwa sababu boya limekwama, au mashine ya kufulia kuachia mpira. Haya ndiyo madai yanayolipika kwa urahisi zaidi, kwa kuwa yana saa ya kuanzia. Ila fahamu kitu kimoja: kwa kawaida bima hulipa kilichoharibiwa na maji, hailipi bomba lenyewe lililochakaa.

Yanayopanda kutoka chini utayajua kwa chumvi. Rangi inabanduka chini ya ukuta, lipu inamomonyoka, na ukipitisha kidole unapata unga mweupe. Huo ni unyevu wa ardhini unaopanda kwa sababu fundi hakuweka nailoni ya kuzuia maji juu ya msingi, au uwanja umejazwa kifusi mpaka ukapita usawa wake. Hili bima hailipi. Usipoteze nauli, tafuta fundi.

Mwisho ni mafuriko, maji yanayotoka nje ya kiwanja chako. Hapo soma kwa makini hatua inayofuata, maana mafuriko hayamo katika kila bima.

Hatua ya 2: Soma mkataba ukiwa na kalamu

Watu wengi nilioketi nao walikuwa na cheti cha bima tu, karatasi moja yenye kiasi na tarehe. Cheti si mkataba. Iombe kampuni ikupe kijitabu chote cha masharti, na kama kimeandikwa kwa Kiingereza kinachokushinda, mwambie wakala mkae msome pamoja. Ni haki yako kuelewa ulichonunua.

Anza na orodha ya majanga. Bima ya msingi ya moto inaweza kuishia kwenye moto, radi na mlipuko. Dhoruba, mafuriko na kupasuka kwa mabomba mara nyingi ni nyongeza, na kila nyongeza lazima ionekane kwa maandishi kwenye jedwali la mkataba wako. Kauli ya wakala kwamba "zote zimo humo" haitakusaidia siku ya hasara. Ikiwa nyumba ilijengwa au kununuliwa kwa mkopo, angalia zaidi: bima ambayo benki ilikukatia inaweza kuwa ya jengo peke yake, kwa kiasi cha deni, na jina la kwanza la mlipwaji ni la benki. Godoro, friji na nguo hazimo.

Kisha nenda kwenye sehemu ya yasiyolipwa. Hapo ndipo ukungu unapokaa. Utakuta umeorodheshwa pamoja na kutu, uchakavu, wadudu, panya, unyevu na uharibifu wa taratibu. Wengi wakifika hapo hufunga kijitabu. Endelea kusoma, kwa sababu maneno yanayofuata yanaweza kuwa ya maana kuliko orodha yenyewe. Mikataba mingine inakataa ukungu moja kwa moja, wa aina yoyote na kwa sababu yoyote. Mingine inaukataa isipokuwa ule uliosababishwa na janga lililokatiwa bima. Ukiwa na huu wa pili, ukungu uliozuka baada ya bomba kupasuka ni sehemu ya hasara ya bomba, na gharama ya kubandua lipu iliyooza, kutibu ukuta na kupaka rangi upya unaweza kuidai. Kama wako ni wa aina ya kwanza, zungumza na kampuni wakati wa kuhuisha, au tafuta nyingine. Ukikatia kwa dalali wa bima, mwagize akuletee masharti ya kampuni tatu uyalinganishe kwenye kifungu hiki kimoja tu.

Yapo na masharti madogo yanayouma:

- Nyumba isiyokaliwa. Mikataba mingi huondoa kinga ya maji ya bomba nyumba ikikaa bila mtu kwa zaidi ya siku 30 mfululizo. Anayeishi Muscat au London na nyumba yake iko Kigamboni, hili linakuhusu moja kwa moja. Wekeni mtu, na kampuni ijulishwe kwa maandishi.
- Uzio na geti kwa kawaida havilipwi vikiangushwa na dhoruba.
- Kuporomoka au kutitia kwa ardhi mara nyingi huhitaji nyongeza ya peke yake, jambo la kuangalia sana kwa wenye nyumba za mabondeni na milimani.
- Gharama ya kuvunja sakafu kutafuta bomba linalovuja: baadhi ya mikataba huilipa, baadhi haisemi kitu. Uliza.
- Kodi ya nyumba ya kuhamia kwa muda wakati wa matengenezo. Ikiwemo, itakuwa na kikomo.

Kuhusu mafuriko, kampuni nyingi huuliza eneo. Aliye karibu na bonde la Msimbazi, Jangwani, Kigogo au Mchikichini, anaweza kutozwa zaidi au kukataliwa kabisa, kwa sababu kila mtu anakumbuka mafuriko ya Desemba 2011 na waliohamishiwa Mabwepande baada yake. Pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Nyumba yako ikiwa ndani ya mita hizo, iambie kampuni ukweli tangu siku ya kwanza. Ukificha, wataligundua siku ya madai, na mkataba unaweza kufutwa wote huku ada yako imeshakwenda.

Mpangaji naye ana nafasi yake. Jengo ni la mwenye nyumba na bima yake ni juu ya mwenye nyumba, lakini vitu vyako vya ndani unaweza kuvikatia bima kwa jina lako. Ukungu ukiharibu sofa yako, bima ya mwenye nyumba haina habari nawe.

Hatua ya 3: Kadiria thamani vizuri

Hapa watu hupunguza kiasi ili ada iwe ndogo, na hapa ndipo wanapoumia. Ukikata bima chini ya thamani, kampuni italipa kwa uwiano. Chukua mfano: kuijenga nyumba yako upya leo ni shilingi milioni 150, wewe umeikatia bima ya milioni 75, yaani nusu. Maji yakiharibu dari, lipu na nyaya kwa hasara ya milioni 20, utalipwa nusu ya hasara, milioni 10. Na bado hujatoa kile kiasi ambacho mwenye bima hujibebea mwenyewe kwenye kila madai. Kama kiasi hicho ni asilimia 5, zinaondoka laki tano nyingine.

Thamani inayotakiwa ni gharama ya kujenga, bila kiwanja. Kiwanja hakiungui wala hakiozi. Ongeza gharama ya kuondoa kifusi na ya mtaalamu wa kusimamia ujenzi. Bei ya saruji na nondo haikai mahali pamoja, kwa hiyo kiasi cha miaka minne iliyopita kimeshapitwa.

Uliza pia kama mkataba unalipa kitu kipya kwa kilichoharibika, au unalipa thamani baada ya kutoa uchakavu. Godoro la miaka sita chini ya utaratibu wa pili litakuletea fedha kidogo mno.

Hatua ya 4: Piga picha nyumba ikiwa kavu

Februari, kabla ya masika, na Septemba, kabla ya vuli. Chukua simu, zunguka chumba kwa chumba ukirekodi video. Pita kwenye kila kona ya dari. Sogeza makabati, rekodi nyuma yake. Panda juu au mtume fundi akapige picha paa na mfereji baada ya kuusafisha, na uweke risiti ya kazi hiyo. Tuma kila kitu kwenye barua pepe yako ili kibaki na tarehe hata simu ikiibiwa.

Kazi ya video hii ni moja. Kampuni itakapodai kwamba ukungu ulikuwepo siku nyingi, utaweka mezani ukuta mkavu wa Februari. Sisi hatukuwa nayo, na sikuwa na neno la kujibu.

Makabati yaache umbali wa kiganja kutoka ukutani, hasa ukuta wa nje usiopata jua.

Hatua ya 5: Saa 48 za mwanzo

Ukungu huanza kuota kwenye kitu kilicholowa ndani ya saa 24 hadi 48. Kwa hiyo una siku mbili, na ndani yake una kazi mbili zinazoonekana kama zinapingana: kukausha, na kutunza ushahidi.

Kwanza usalama. Zima swichi kuu ya umeme kabla ya kukanyaga chumba chenye maji, na usiwashe hadi fundi umeme akague. Maji yakiwa yanapanda au mtu amekwama, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa 114. Kisha funga valvu, zuia tundu, tandika turubai.

Kabla hujafagia maji, piga picha. Alama ya kimo cha maji ukutani, na rula au chupa kando yake ili ukubwa uonekane. Bomba lililopasuka, kwa karibu na kwa mbali. Kila kitu kilicholowa, na namba zake kama ni cha umeme. Halafu ijulishe kampuni siku hiyohiyo kwa simu na kwa maandishi, hata ujumbe mfupi au barua pepe, ili ibaki alama ya saa. Mkataba wako umeweka muda wa kutoa taarifa, na kuchelewa ni sababu nyepesi ya kukataliwa.

Sasa kausha. Mkataba unakudai uzuie hasara isiongezeke. Ukikaa kumsubiri mkadiria hasara, yule anayetumwa na kampuni kupima uharibifu, wiki nzima ukuta ukaota ukungu, sehemu hiyo ya ukungu watasema ni yako. Feni zote ziwashwe umeme ukishakaguliwa. Kiyoyozi kiweke kwenye alama ya tone la maji, hukausha hewa vizuri kuliko kupooza peke yake. Madirisha yafungue jua likiwaka, yafunge mvua ikirudi, kwa sababu hewa ya Aprili ya Dar imejaa unyevu na kuiingiza ndani usiku ni kuurudisha ukuta ulikotoka. Dari ya jipsam iliyolegea iteremshwe, haitapona. Zulia na magodoro yaliyoguswa na maji ya mtaro au ya choo yatolewe ndani kabisa.

Yatolewe, lakini yasitupwe. Yapange uani chini ya turubai mpaka mkadiria hasara ayaone, au mpaka kampuni ikuandikie kwamba unaweza kuyatupa. Kama yananuka na watoto wapo, kata kipande cha kila kimoja, kiweke kwenye mfuko wenye jina, na picha ya kitu kizima. Ukungu mwenyewe usiuguse mikono mitupu, vaa barakoa na glovu, na mwenye pumu asiwepo chumbani. Dawa ya klorini husafisha vigae, lakini kwenye lipu na mbao hung'arisha juu tu, mizizi hubaki ndani. Na usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya usafi, mvuke wake ni sumu.

Kila shilingi iandikiwe. Dukani dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Fundi asiye nayo aandike kwa mkono jina, kazi, kiasi, namba ya simu, asaini, na umlipe kwa simu ili muamala ubaki.

Hatua ya 6: Andika madai kama tukio

Nimesoma barua nyingi zinazoanza hivi: "Nyumba yangu imeota ukungu kwa sababu ya mvua nyingi." Barua hiyo imeshajikataa yenyewe. Haina siku wala janga, na imelitaja jina la kitu kilichoorodheshwa kati ya yasiyolipwa.

Linganisha na hii: "Usiku wa tarehe 18 Aprili, kati ya saa nne na saa saba, upepo uliambatana na mvua ukaezua bati tatu upande wa kusini wa nyumba. Maji yakaingia chumba cha kulala, dari ikaanguka, ukuta ukalowa hadi sakafuni. Nilitoa taarifa asubuhi yake saa mbili na kufunika paa kwa turubai siku hiyo. Tarehe 21 ukungu ulianza kuonekana kwenye sehemu ileile iliyolowa. Naambatisha picha za Februari, za tarehe 18 na za tarehe 21." Hapa ukungu ni mtoto wa dhoruba, na dhoruba ina bima.

Andika hivyo pale tu ilipokuwa hivyo. Kutunga upepo ambao haukuvuma ni udanganyifu, na udanganyifu hufuta madai yote, pamoja na yale ya kweli, na unaweza kukupeleka polisi. Kwa tukio la kweli ushahidi haukosekani: barua ya serikali ya mtaa, taarifa ya hali ya hewa ya siku hiyo kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, picha za majirani walioezuliwa usiku uleule. Ambatisha pia makadirio ya mafundi wawili au watatu, yakitenganisha kazi: dari peke yake, lipu peke yake, umeme peke yake. Kampuni ikikataa kipengele kimoja, vingine visizame nacho.

Hatua ya 7: Siku ya mkadiria hasara

Analipwa na kampuni ila kazi yake ni kutoa tathmini ya haki, mpokee kama mgeni wa heshima. Awepo fundi wako anayeweza kueleza chanzo. Mwonyeshe video ya Februari. Jibu alichouliza, kwa ukweli, na usibahatishe: ukisema "nadhani ilianza zamani kidogo" huku huna hakika, sentensi hiyo itaingia kwenye ripoti. Akipima unyevu wa ukuta, omba uandike namba alizopata. Akiondoka, mtumie ujumbe wa kumshukuru ukiorodhesha alivyoviona, ili orodha hiyo iwe na tarehe.

Hatua ya 8: Wakilipa kidogo, au wakikataa

Kabla ya malipo utaletewa hati ya kusaini kwamba umepokea na huna madai mengine. Isome. Ukisaini kiasi usichokubaliana nacho, umefunga mlango. Una haki ya kuomba mchanganuo: kipengele gani kimelipwa, uchakavu umekatwa kiasi gani, uwiano wa thamani umetumika au la.

Barua ya kukataa iwe imetaja kifungu. Kama haikutaja, andika uidai. Kisha jibu kifungu kwa kifungu, ukiomba madai yapitiwe upya na mtu aliye juu ya aliyekataa. Wakishikilia msimamo, peleka malalamiko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambayo ina ofisi za kanda, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa kwa ajili ya raia wa kawaida. Chukua mkataba, stakabadhi ya ada, taarifa ya kwanza yenye saa, picha, ripoti, na barua zote kwa mpangilio wa tarehe.

Mwaka jana jirani yetu, mjane, boya la tanki lake lilikwama alipokuwa msibani Tanga kwa siku nne. Maji yalishuka ukutani usiku kucha, na alipofika ukungu ulikuwa umeshachomoza. Kampuni ilikataa kwa kifungu cha ukungu. Tulirudi na ujumbe wa kijana wa duka aliyeona maji yakimwagika, wenye saa yake, na tiketi ya basi. Walimlipa dari, lipu, rangi na kabati, pungufu ya kiasi cha kujibebea. Boya alinunua mwenyewe, na alipohuisha bima Februari aliwaandikia kwamba tanki sasa lina bomba la kutolea ziada nje ya ukuta, akaambatisha picha.